Wimbo wa Taifa Uliozaliwa Kando ya Mto Tana

Barua moja imetufikia kutoka Dagahaley, karibu na Dadaab, katika Kaunti ya Garissa. Mwandishi wake ni kijana aliyemaliza masomo ya sekondari huko huko kambini, na swali lake ni fupi: Lahani ya wimbo wa taifa la Kenya ilitungwa na Mzungu yupi? Asema kwamba yeye na rafiki zake wamebishana juu ya jambo hili mbele ya duka la chai hata wakakaribia kugombana. Mmoja alishikilia kwamba lahani hiyo imetoka Uingereza. Wa pili alisema imetolewa katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Wa tatu, ambaye babu yake alipata kuwa askari mjini Mogadishu, alisema kwamba kila nchi iliyotawaliwa ilipewa wimbo wake na mtawala wake, kama ilivyopewa magari na bunduki.

Hatuwacheki vijana hawa. Mimi niandikaye maneno haya nilisoma katika shule ya misheni, na kwa miaka mingi niliamini kama yule wa pili. Tuliuimba wimbo wa taifa kwa sauti nne, kama tulivyoimba nyimbo za ibada, na mwalimu yule yule akitupungia mikono. Neno lake la mwanzo lamwita Mungu. Ni nani angalifikiri vinginevyo?

Na yule wa tatu hakukosea kabisa, kwa kuwa alikuwa akisema habari za Somalia. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, wimbo wa taifa lake ulikuwa lahani tupu isiyo na maneno, nayo ilitungwa na Mwitaliano, Giuseppe Blanc. Mtu huyo alikuwa na bahati ya ajabu katika nyimbo. Mwaka 1909 alitunga wimbo wa wanafunzi wa Turin wa kuagana baada ya masomo. Miaka michache baadaye lahani yake ikachukuliwa na wafuasi wa Mussolini ikawa wimbo wa chama chao. Kwa hiyo babu wa kijana huyo, aliposimama wima katika gwaride, alisimama kwa lahani ya mgeni. Habari hii tutairudia mbele kidogo.

Lakini kwa Kenya jibu ni jingine. Lahani ya wimbo uitwao "Ee Mungu Nguvu Yetu" haikutoka Ulaya, wala haikutoka katika kitabu cha kanisa. Imetoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, na kabla ya kuwa wimbo wa taifa ilikuwa wimbo wa akina mama wa kumnyamazisha mtoto alalapo. Mtu atokaye Dagahaley kwa gari akafika darajani Garissa, safari ya kilomita 100 na kidogo zaidi, huwa amefika kwenye ukingo wa mto wenyewe. Kutoka hapo akiufuata mto kuelekea baharini, ataingia katika nchi ya watu walioulea wimbo huo.

Inafaa tuseme machache juu ya nchi hiyo, maana wimbo haueleweki mtu asipoijua. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Garissa, Hola na Garsen, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Pande zote mbili za mto ni nchi kavu ya miiba na vumbi, lakini kandokando ya maji pana utepe mwembamba wa ardhi nyeusi yenye rutuba. Katika utepe huo ndimo wakaamo Wapokomo. Hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe, huvua samaki, na husafiri kwa mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja. Walio sehemu za juu za mto wengi wao ni Waislamu. Walio sehemu za chini wengi wao ni Wakristo. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili na wa lugha za Wamijikenda, hata Mswahili wa Lamu akimsikiliza Mpokomo kwa makini atanasa maneno mengi.

Mto huu hulisha, nao hutisha. Unapofurika, huacha udongo mpya mashambani. Ukizidi, hubeba nyumba. Wazee hawajasahau gharika ya mwaka 1961, wala vijana ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Ndani ya maji mna mamba na viboko. Nje, usiku, fisi huzunguka. Na wakati wa kiangazi wafugaji, yaani Waorma na Wasomali, hushuka na mifugo yao kutoka nyika kuja kunywesha, na mara nyingine mapatano ya maji na malisho huvunjika. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha yao katika mapigano ya Wapokomo na Waorma huko delta ya Tana. Hiyo ndiyo nchi ambamo mama humpakata mtoto wake jioni na kumwambia alale.

Wimbo wenyewe hujulikana kwa jina la "Bee Mdondo Bee". Hatuchapishi maneno yake hapa, ila tutaeleza maana yake kama Wapokomo waielezavyo. Mama amwita mnyama wa mwituni. Amwambia kwamba mtoto analia, basi na aje amchukue. Kisha mtoto akinyamaza, mama humgeukia mnyama yule yule na kumfukuza: asije tena, mtoto hakulia. Ndiyo habari yote. Msomaji ambaye hakuwahi kulea mtoto atashangaa kwamba jambo la kutisha namna hiyo lageuka usingizi. Aliyewahi kulea hatashangaa. Mtoto mchanga haelewi maneno. Husikia sauti ya mama na kuhisi mwili wake ukiyumba taratibu. Maneno ni ya mama mwenyewe, ambaye amechoka, ambaye kuni hazijaletwa, na ambaye nje ya ukuta wa makuti yake mnyama yuko kweli. Waingereza nao wana wimbo mashuhuri wa watoto ambao ndani yake kitanda cha mtoto chaanguka kutoka juu ya mti, na mama zao huuimba kwa upole mkubwa bila kufikiri.

Sasa tutazame lahani, yaani mwendo wa sauti, tukiyaacha maneno. Wimbo wa kulaza mtoto una sheria zake, ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mama azijua. Sauti haipandi juu sana wala haishuki chini sana, kwa sababu mtu aimbaye akiwa amechoka hana pumzi ya kupanda. Kila kipande ni kifupi, kiasi cha pumzi moja, na hurudiwa. Mwisho wa kipande sauti huteremka, kama mtu anayeweka mzigo chini. Na mwendo wake ni wa kuyumba, maana mwili wa mwimbaji unayumba.

Mtazame basi mtu anayetafuta lahani ya kuimbwa na taifa zima. Atataka nini? Atataka sauti isiyopanda sana, ili mzee na mtoto waifikie wote. Atataka vipande vifupi ambavyo umati waweza kuvimba bila kuishiwa pumzi. Atataka kitu kinachoshikika upesi, hata na mtu asiyejua kusoma. Atakuta kwamba mama yule wa Tana amekwisha kumfanyia kazi yake. Wamarekani hawakuwa na bahati hiyo: lahani ya wimbo wao wa taifa ilitungwa London na John Stafford Smith kwa ajili ya chama cha waungwana waliopenda muziki na vinywaji, nayo hupanda juu hata waimbaji hodari huiogopa.

Mwaka 1963 watu walikuwa wakitafuta lahani ya namna hiyo Nairobi. Kenya ilipata madaraka ya ndani tarehe 1 Juni mwaka huo, na uhuru kamili ulikuwa umewekwa tarehe 12 Desemba. Hadi wakati huo wimbo ulioimbwa katika sherehe ulikuwa wa kumwombea Malkia wa Uingereza. Majirani walikuwa wamekwisha kutatua shida hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Tanganyika mwaka 1961 ilichukua wimbo wa ibada uliotungwa mwaka 1897 Afrika Kusini na mwalimu Enoch Sontonga, ikautia maneno ya Kiswahili. Uganda mwaka 1962 ilichukua wimbo wa mwanamuziki George Wilberforce Kakoma. Kenya iliamua kuunda kamati na kuiagiza ifanye kazi hiyo tangu mwanzo.

Kamati ilikuwa na watu 5. Mkuu wake alikuwa Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa muziki wa serikali, mtu aliyejua Kiswahili vizuri hata akaandika michezo ya kuigiza kwa lugha hiyo. Pamoja naye walikuwa George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi yake Kenya na ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya muziki wa makabila ya Kenya, Thomas Kalume, kasisi wa pwani aliyekuja kuwa mbunge, Peter Kibukosya, na Washington Omondi, aliyekuwa bado kijana, na ambaye katika miaka ya 1980 aliongoza tume ya Rais iliyochunguza hali ya muziki nchini. Mwingereza, Mganda, na Wakenya watatu. Hapo ndipo pana chembe ya kweli katika maneno ya kijana wa kwanza wa Dagahaley: Mzungu alikuwamo. Lakini kuwamo si kutunga lahani.

Kamati ilitaka lahani ya wenyeji, itokayo katika nyimbo za watu wa Kenya wenyewe, na maneno ya Kiswahili yatakayofahamika na makabila yote. Atajwaye kuwa ndiye aliyeitoa lahani ya Kipokomo ni Meza Morowa Galana wa Tana River. Jina hili msomaji na alisome mara mbili, kwa sababu katika madarasa mengi halitajwi hata mara moja. Majina ya wale watano hupatikana vitabuni. Jina la Galana wengi hulisikia wakiwa watu wazima, kama mimi.

Baada ya lahani kuchaguliwa, kazi ya ufundi ilianza, na ni vizuri kuieleza kwa sababu ndiyo iliyowadanganya watu wakadhani wimbo ni wa kanisa. Mama huimba peke yake, sauti moja, bila chombo. Taifa huimba kwa umati, tena bendi ya tarumbeta na ngoma yapaswa kuupiga wimbo huo uwanjani. Basi kamati iliichukua sauti ile moja ikaiwekea sauti nyingine tatu chini yake, kama ilivyo desturi ya kwaya. Ikautia mwendo wa hatua nzito badala ya kuyumba. Ikaandika beti 3: ya kwanza ni ombi kwa Mungu, ya pili yawataka wananchi kutumika na kuilinda nchi, ya tatu yawataka kujenga kwa umoja. Na ikauweka wimbo wote katika ngazi ambayo wanamuziki huiita ngazi ndogo, ile yenye sauti ya majonzi kidogo. Hilo si jambo la kawaida. Nyimbo nyingi za mataifa hupigwa katika ngazi kubwa, ya kushangilia kama watu waliokwisha kushinda vita. Wa Kenya huanza kama mtu aombaye usiku. Mara nyingi nimeusikia ukipigwa katika michezo ya mbali, mkimbiaji wetu akiwa amesimama juu ya jukwaa na medali shingoni, na kila mara huniona kana kwamba bado mtoto analazwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, katika uwanja ulio kando ya barabara ya Lang'ata, Nairobi, bendera ya Uingereza iliteremshwa, ya Kenya ikapandishwa, na wimbo huo ukapigwa.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wasomaji wetu wa Garissa, Wajir na Mandera hulijua kuliko sisi. Ng'ambo ya mto ule ule ulioutoa wimbo, si wote waliousimamia usiku ule. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kuuliza maoni ya watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuta kwamba Wasomali, walio wengi huko, walitaka kuungana na Somalia. Hawakupewa. Kabla ya mwisho wa Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huo, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki mpaka mwaka 1991. Kwa miaka 28, basi, mtoto aliyezaliwa Garissa aliimba shuleni wimbo uliotoka mtoni kwao huku akiishi chini ya sheria ambazo mtoto wa Nyeri hakuzijua. Tusishangae ikiwa baadhi ya wazee wa huko waliusikia kama wimbo wa mbali, wala hawakuambiwa na mtu yeyote kwamba umetoka umbali wa mchana mmoja wa kwenda kwa mtumbwi.

Mwaka huo huo wa 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, wakimbizi walianza kumiminika. Kambi ya Ifo ilifunguliwa kwanza, kisha mwaka 1992 Dagahaley na Hagadera. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000. Walioishi humo walikuja kuzidi hesabu hiyo mara kadha wa kadha. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya. Ndiyo maana swali la wimbo wa taifa limetoka huko: kijana wetu amefundishwa na vitabu vya Kenya, babu yake alisimama kwa lahani ya Giuseppe Blanc, na yeye ataka kujua tofauti.

Na habari za upande wa babu zimeendelea. Lahani ya Mwitaliano ilitumika mpaka mwaka 2000. Ikaachwa, na mahali pake ukawekwa wimbo wa zamani wa wapigania uhuru wa Kisomali. Kisha mwaka 2012 Somalia ilichagua wimbo mwingine, ule wa kuisifu bendera uliotungwa mwaka 1959 na Abdullahi Qarshe. Watu wengi humwita Qarshe baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, mtu aliyeuweka udi, ambao Wasomali huuita kaban, katikati ya nyimbo zao. Lakini wachache wajua kwamba alizaliwa Moshi, Tanganyika, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1924. Basi vijana wa duka la chai, wakitaka kubishana tena, wana jambo jipya: mtunzi wa wimbo wa taifa la Somalia alizaliwa katika nchi ya Wachaga.

Sasa twafika kwenye jambo lenye uzito. Lahani ya Tana ni mali ya nani?

Mtu mmoja atasema ni ya Galana, maana ndiye aliyeitoa. Mwingine atasema Galana hakuitunga, aliipokea kwa mama yake kama watoto wote wa Kipokomo. Basi ni ya Wapokomo wote. Wa tatu atasema kwamba lahani ya kale haina mwenyewe, ni kama maji ya mto, kila mtu achote. Mimi siikubali hoja hii ya tatu. Hata maji ya mto yana taratibu zake: wafugaji na wakulima wa Tana hupatana njia za kupitia mifugo kwenda majini, na anayezivunja huulizwa. Tena neno "wimbo wa jadi" limekuwa neno la kufichia majina. Penye karatasi iliyotiwa sahihi huandikwa jina la mtu. Penye mama asiyeandika huandikwa "jadi". Lakini kila wimbo wa jadi uliimbwa mara ya kwanza na mtu mmoja, na hapa yaelekea ni mwanamke, jioni moja, katika kijiji kimoja kando ya Tana. Kukosa kulijua jina lake si sababu ya kusema hakuwako.

Wala Wapokomo si wageni katika kuchukuliwa vitu vyao. Walikuwa na ngoma kubwa takatifu iitwayo ngadji, ambayo haikuonekana na kila mtu, na ambayo mlio wake ulikuwa amri. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliinyang'anya, na tangu mwaka 1908 imo katika Makumbusho ya Uingereza, London, ghalani, ambako haipigwi. Wazao wa mfalme wao wameiomba irudishwe. Nafikiri mara kwa mara juu ya vitu hivi viwili vya kabila moja. Ngoma ilitwaliwa ikanyamazishwa. Wimbo ulitolewa, nao ukaimbwa na mamilioni. Ngoma ina namba ya ghala na ina mwenye kudai. Wimbo hauna ghala, na wanaouimba hawajui kwamba kuna mtu wa kushukuriwa.

Nchini Uganda George Wilberforce Kakoma alikwenda mahakamani akiwa mzee kudai haki zake za mtunzi juu ya wimbo wa taifa, akafariki mwaka 2012. Kwa Kenya jambo ni gumu zaidi, kwa sababu lahani ni ya kabila na kazi ya kuipanga ilikuwa ya kamati ya serikali. Walakini sheria imesogea. Katiba ya mwaka 2010 imeuchapa wimbo wa taifa katika Jedwali lake la Pili, na katika Ibara ya 11 imeliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zipate fidia au malipo kwa matumizi ya utamaduni wao. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2016. Yasema kwamba nyimbo, ngoma na hadithi za jamii ni mali ya jamii hiyo, na atakaye kuzitumia kwa biashara yampasa kuiomba ruhusa na kutaja zilikotoka. Haikuja mapema kwa mama wa 1963. Lakini mtu atakayekwenda leo kijijini na chombo cha kunasa sauti hawezi tena kusema hakujua.

Kijana wa Dagahaley ana swali la pili mwishoni mwa barua yake, ambalo yeye aliliona dogo. Asema nyanya yake huimba nyimbo za kulaza watoto na nyimbo za kunywesha ngamia visimani, nyimbo alizotoka nazo Somalia bila kitu kingine chochote. Naye ana simu yenye uwezo wa kurekodi. Je, azinase, na akizinasa afanye nini?

Azinase, kwa idhini ya bibi mwenyewe. Amwombe aimbe akiwa katika kazi yake, akimpakata mtoto kweli, si kukaa wima mbele ya simu kama mtu apigwaye picha ya kipande. Aziache sauti za mtoto na za mbuzi ziingie, maana zitamwonyesha msikilizaji wimbo ulitumika kwa nini. Kisha mara moja, kabla hajasahau, atamke ndani ya simu hiyo hiyo jina la mwimbaji, ukoo wake, mahali alipozaliwa, mahali alipojifunza wimbo na nani alimfundisha, pamoja na tarehe. Nakala moja ampe bibi, moja aiweke mwenyewe, na moja aipeleke mahali penye kutunza, kama vile Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Nairobi. Na akiulizwa huko jina la mtunzi, asiandike "jadi" kabla hajamwuliza nyanya yake mara ya pili. Huenda akamtajia mtu.

Wapokomo wasomao gazeti hili, hasa akina mama wa Hola, Garsen na vijiji vya katikati, wanaombwa watuandikie jinsi wimbo uimbwavyo kwao, maana twaambiwa maneno hutofautiana kidogo kutoka kijiji hadi kijiji. Atakayeandika na ataje jina la aliyemwimbia alipokuwa mtoto.